Binamu, baba yako sikumuuza

Binamu,

Simu hupokei, ujumbe unausoma kisha kimya. Basi nakuandikia hapa hapa.

Mama anakusalimia. Amekuwekea korosho, tafadhali mpigie.

Kwenye kikao cha ukoo ulisema nimemuuza mjomba, baba yako, kwa kamera ya filamu yangu. Nani alimfuata mwenzake? Yule kijana wa Shangani anayeigiza askari aliyerudi kutoka Msumbiji alikuwa kila akishtuka usingizini anapiga ukelele. Mjomba, na kahawa yake pembeni, akasema: "Hapigi kelele huyo. Anaamka, anagusa komeo, anahesabu watoto, analala na viatu." Tukanyamaza wote. Tangu yeye na wenzake warudi kutoka vita vya Msumbiji 1988, mzee alikuwa akituhesabu gizani, wewe na mimi, tukidhani anatafuta chandarua kilipotoboka!

Sare za jeshi raia haruhusiwi kuvaa, kwa hiyo tulichovya mashati ya mitumba kwenye rangi. Moshi wa vita ulikuwa salfa tu, ile dawa ya unga ya mikorosho, tumeipuliza kwa bomba lake la injini, macho yakatuwasha mpaka jioni. Wewe ukashuka kwenye basi la Dar ukakuta bomba linanguruma na mzee kalala kifudifudi chini ya mkorosho, mikono kichwani. Hakuwa anaigiza. Ukamkwida kola mbele ya vijana wangu: "Baba, inuka, unatuaibisha!"

Hilo ndilo silimezi. Jenereta ulilozima tuliliwasha tena. Lakini mzee ulimwinua kama mlevi wa kilabuni.

Miaka yote, mikorosho ikianza kupulizwa, anahamia Mikindani kwa dada yake, nasi tunasema salfa inambana kifua. Mwaka huu kabaki. Sisemi kapona.

Mimi nimekuzidi umri, nisikilize: baba akianza kuongea, usimkatishe. Muulize wenzake waliozikwa kwenye makaburi ya mashujaa pale Naliendele, atakutajia mmoja mmoja. Mimi nilimuuliza kabla kamera haijafika, na ningemuuliza hata isingefika. Kamera yenyewe ya kuazima, binamu, na deni la mafuta ya jenereta nalilipa mpaka leo. Hiyo ndiyo biashara unayoitangaza kwa wajomba?

Kipande kile kimo kwenye filamu. Mjomba amekitazama, kasema kibaki, ila sauti yako iondolewe, watu wasije wakakufikiria vibaya. Nimeiondoa. Ingekuwa shauri langu, ningeiacha.