Jumapili: kile kilima cha ski kilichofungwa

Habari za jioni wanakikundi. Theluji haijakatika tangu jana, basi Jumapili twendeni. Mwenye eneo ameturuhusu, sharti lake moja: tusipande minara wala kugusa mitambo.

Lifti imekufa siku nyingi, kwa hiyo tunapanda kwa miguu yetu. Wenye ngozi za kupandia, yaani vitambaa vinavyozuia ski kuteleza kurudi nyuma, wazibandike chini ya ski. Wengine viatu vipana vya theluji vinatosha. Juzi nilipita kuangalia. Kiti kimoja bado kinaning'inia kwenye waya, kimejaa theluji hadi mgongoni, na njia kuu imeota miti michanga inayonifika kifuani. Ncha ya ski yangu ilinasa kwenye waya wa uzio uliofukiwa, nikaenda kifudifudi. Mniamini, theluji mpya huficha visiki na vyuma vyote, kwa hiyo kushuka ni polepole.

Jambo la maporomoko ya theluji silifanyii mzaha. Hapo hakuna tena walinzi wa mteremko. Maporomoko mengi huanzia kwenye miinuko ya nyuzi 30 hadi 45, na uso wa kaskazini uko humo humo, hivyo hatuugusi. Tutabaki upande wa chini ulio mpole. Hata hivyo kila mtu aje na kifaa cha ishara (kinachotuma mawimbi ili aliyefukiwa apatikane) chenye betri mpya, koleo na fito ya kuchunguzia chini ya theluji. Aliyefukiwa huokolewa na wenzake, ndani ya dakika chache.

Nitasoma taarifa ya hatari ya maporomoko Jumamosi jioni. Ikiwa mbaya, tunaahirisha. Saa 1 asubuhi getini. Anayekuja aandike jina hapa chini.