Barua ya wazi kwa wanangu wa vyuo vya afya: listi ya maneno sitatuma, someni mwili

Wanangu mnaosoma unesi, ukunga, utabibu, maabara na famasia, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba sana. Nimeona niandike wazi kwa wote maana swali mnaloniletea ni lile lile na nikimjibu mmoja mmoja sitamaliza. Mnasema bibi tutumie listi ya maneno ya Kiingereza cha hospitali tuyakariri kabla ya testi. Listi sitatuma. Siwanyimi, ila hizo listi mnazo tayari, zimejaa kwenye simu zenu, pidiefu ya maneno elfu moja kuanzia A mpaka Z, mtu anakariri mpaka herufi C anachoka, testi inapita, wiki mbili mbele hakumbuki hata moja na sapu, ule mtihani wa marudio, inamsubiri.

Ninachowaomba ni kingine kabisa. Someni mwili. Shika kiungo kimoja, soma habari zake kwa Kiingereza taratibu mpaka ujue kinafanya kazi gani, kinaumwaje, kikiumwa mgonjwa anakuja na malalamiko gani, na wewe unampima nini. Ukielewa hivyo Kiingereza kinakuja na maana yake na hakitoki tena.

Najua mlikotoka. Wengi wenu mmesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, form one ikaja na kila kitu kwa Kiingereza, bailojia mkaimeza hivyo hivyo ilimradi mtihani upite, alafu chuoni siku za mwanzo tu mnafunguliwa anatomi. Nimewaona watoto wenye akili nzuri kabisa wamekaa nyuma ya darasa kimya, hawaulizi, wanajiona wajinga. Hakuna mjinga hapo. Yale maneno marefu mengi ni Kigiriki na Kilatini, hata Mwingereza wa mtaani ukimwambia kolesistektomi hajui unaongelea nini mpaka umweleze kwamba ni operesheni ya kutoa mfuko wa nyongo. Kwenye haya maneno nyie na mtoto wa London mnaanzia mstari mmoja, kwahiyo msiogope.

Tuchukue figo muone ninachosema. Mtu mzima ana figo mbili, na kila moja ina nefroni kama milioni moja, ndo vichujio vyenyewe, na kwa siku nzima zinachuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu, karibu yote yanarudishwa mwilini, kinachotoka nje kama mkojo ni lita moja mpaka mbili hivi. Soma hapo kwa Kiingereza, nusu ukurasa tu, urudie, uchore na mchoro wako kwenye daftari. Sasa uliza maswali ya kawaida kabisa ambayo hata mama yako angeuliza. Mkojo ukiwa mdogo sana je, chini ya mililita 400 kwa siku kwa mtu mzima? Oliguria. Ukikatika? Anuria. Ukizidi, kama kwa mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imepanda mpaka inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji kutoka nayo? Poliuria, ndo mana na kiu haimwishi. Damu kwenye mkojo, hematuria. Kukojoa kwa maumivu, disuria. Protini imepita kwenye kichujio wakati haikutakiwa ipite, proteinuria. Maneno sita hayo na hujakariri hata moja, umeelewa figo tu, na kesho ukikutana na neno jipya limeishia na uria hutakimbilia kamusi, unajua tayari habari ni ya mkojo.

Na haya hayaishii darasani. Mnaosomea ukunga, mkiwa kliniki ya wajawazito kuna kale kajiti mnachovya kwenye mkojo wa mama. Kakibadilika rangi kuonyesha protini, na presha yake ni 140/90 au imezidi, na mimba imeshavuka wiki 20, aliyesoma figo akaelewa anajua anachokitazama ni pre-eklampsia na mbele yake kuna kifafa cha mimba, anachukua hatua saa hiyo hiyo. Aliyekariri neno proteinuria kwenye listi anaandika tu kwenye kadi anamwita mama anayefuata. Hapa ndo roho yangu inapouma wanangu, sitaki mmoja wenu awe huyo.

Vipande vya maneno navyo mvijue, ni vichache vinavyojirudia kila mahali. Kile cha mwisho kinachotamkwa aitisi kinamaanisha sehemu imevimba na kuchachamaa, na dalili zake mnazijua toka utotoni, mwiba ukikuchoma kidole kinakuwa chekundu, cha moto, kinavimba, kinauma. Basi hiyo hiyo ikitokea kwenye kidole tumbo ni apendisaitisi, kwenye ini ni hepataitisi, kwenye ngozi zinazofunika ubongo na uti wa mgongo ni menenjaitisi. Operesheni nazo, ektomi ni kuondoa, otomi ni kupasua, ostomi ni kutoboa mlango. Mgonjwa wa kolektomi ametolewa utumbo mpana, wa kolostomi ametobolewa tundu tumboni choo kipite hapo, na huyo anahitaji mfuko na anahitaji kufundishwa kuusafisha kabla hajarudi nyumbani, kwahiyo mkichanganya herufi mbili tatu mmemchanganyia mtu maisha.

Kuna mbili za mwanzo wa neno zinazowatesa kila mwaka, haipa na haipo, zinaandikwa "hyper" na "hypo". Kwa Waswahili hii ni zawadi. Haipo mnaijua, sukari haipo, basi haipoglaisemia ni sukari imeshuka, haipotenshani ni presha imeshuka, haipothemia ni joto la mwili limeshuka chini ya 35. Ile nyingine ndo ya kupanda. Ila kwenye kuandika muwe makini sana, na kwenye simu au raundi yenye kelele msimezemeze neno, semeni kabisa "low" au "high" na namba yenyewe. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka akichomwa insulini, dawa ya kuishusha zaidi, kwa sababu mtu kasikia vibaya, huyo anaweza asiamke. Pia angalieni yanayofanana, disfagia ni shida ya kumeza, disfazia ni shida ya kuongea, na "ileum" ni utumbo wakati "ilium" ni mfupa wa nyonga, kutamka ni kule kule, herufi moja tu ndo inatofautisha.

Lakini sasa niwaambie ambalo wengi hawalisemi. Maneno marefu siyo yanayowaangusha. Yanayowaangusha ni mafupi, yale mnayodhani mnayajua toka form one. "Stool" mlifundishwa ni kiti kisicho na mgongo, wodini ni choo kikubwa. "Discharge" ni mgonjwa karuhusiwa kwenda nyumbani, na pia ni usaha au ute unaotoka kwenye kidonda au ukeni, lazima usome sentensi nzima ndo ujue ipi. "Positive" kwenye maisha ni jambo zuri, kwenye kipimo maana yake kilichotafutwa kimeonekana, na mara nyingi ni habari mbaya kwa mwenye mwili wake, nimeshaona mgonjwa anafurahi kwa kusikia hilo neno na nesi naye kasimama tu hajui aanzie wapi kumweleza. Daktari akiandika "unremarkable" hajadharau, kasema kaangalia hakuona tatizo. Haya hakuna listi itakayowafundisha, yanakaa kwenye sentensi, na sentensi zinapatikana kwa kusoma.

Alafu kuna upande wa pili ambao ndo mgumu zaidi. Mgonjwa wenu anaongea Kiswahili, faili linaandikwa Kiingereza, katikati hapo mmesimama nyie. Mama anasema tumbo linauma. Kwa Kiswahili tumbo ni kote huko, mtu ana mimba tunasema ana tumbo, kala sana tumbo limejaa, mwingine ana maumivu chini kabisa ya kitovu na bado ni tumbo. Wewe ukiandika "stomach" umetaja kiungo kimoja tu kile kinachopokea chakula, na daktari anayesoma faili anaanza kufikiria vidonda vya tumbo wakati mama ana mimba iliyotunga nje ya kizazi. Andika "abdomen" na useme upande gani, juu au chini, kulia au kushoto, mwambie mama aonyeshe kwa kidole. Mkono hivyo hivyo, kwetu mkono unaanzia begani mpaka kwenye vidole, Kiingereza kinaugawa, "arm" na "hand", na mguu nao umegawanywa, kwahiyo kijana wa bodaboda akisema kavunjika mkono usikimbilie "hand", shika uone ni wapi.

Na kuchoma. Mgonjwa anasema kifua kinachoma. Kinachoma kama moto au kama sindano? Sisi tunatumia neno moja, Kiingereza kinataka uchague, na uchaguzi wako unabadilisha kila kitu. Wa moto unaopanda kooni baada ya kula unaweza kuwa tindikali ya tumbo. Wa sindano unaozidi akivuta pumzi, kile wazee wanaita kichomi, unaelekea kwenye mapafu na ngozi yake, tafuta nimonia. Na wa tatu ambaye hata hasemi kinachoma, anasema kifua kimebanwa kizito na jasho linamtoka, huyo ni wa moyo mpaka ithibitike vinginevyo, usimwache kwenye benchi. Kwahiyo Kiingereza kizuri cha hospitali kinaanzia kwenye swali zuri la Kiswahili, na asiyejua kuuliza kwa Kiswahili hata awe na Kiingereza cha namna gani ataandika uongo kwenye faili bila kukusudia.

Mtasoma nini sasa, maana vitabu bei kubwa na bando linaisha. Anzeni na karatasi ya kwenye boksi la dawa. Watu wanaitupa, msitupe. Chukua ya ALu, dawa ya malaria mnayoijua, soma pale wameandika nani asipewe, madhara gani yanaweza kutokea, imezwe na nini, utaona wanasema imezwe na chakula kwa sababu mafuta yanasaidia dawa iingie mwilini, na mtu mzima anameza vidonge vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, jumla 24. Dawa unaijua, dozi unaijua, kwahiyo kila sentensi ya Kiingereza unaijua maana yake kabla hujaimaliza, na hakuna njia nyepesi ya kujifunza kuliko hiyo. Kesho chukua ya parasetamo, keshokutwa ya amoksilini, utaona maneno ni yale yale yanazunguka.

Kuna kitabu cha David Werner ambacho kipo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili kinaitwa Mahali Pasipo na Daktari, ukipata vyote viwili soma sura moja huku na huku, Kiingereza chake ni chepesi kimeandikwa kwa watu wa vijijini. Kwenye intaneti kuna MedlinePlus ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, bure, lugha rahisi, na baadhi ya habari zake wameziweka kwa Kiswahili pia. WHO, shirika la afya duniani, nao wana kurasa fupi za magonjwa mengi. Ukishazoea ndo uingie kwenye mwongozo wa matibabu wa wizara, huo ni mgumu kidogo ila ndo utakaoutumia kazini. Soma kwa sauti, hata kama wenzako hosteli wanacheka, mdomo unatakiwa uzoee. Alafu funga ukurasa mweleze mtu kwa Kiswahili ulichosoma, dada yako, jirani, yeyote, akikuelewa basi umeelewa.

Wale mnaowaza kwenda nje, Uingereza na kwingine, najua mpo wengi na siwakatazi. Baraza la wauguzi la Uingereza linapokea mtihani wa OET, nao ni Kiingereza cha kazi ya afya, kwa wauguzi wanataka daraja B kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, na C+ kwenye kuandika. Sehemu ya kuandika mnapewa maelezo ya mgonjwa mnaandika barua, mara nyingi ya rufaa, dakika tano za kusoma na arobaini za kuandika. Hapo hamtaulizwa maana ya neno lolote. Mtaulizwa kama mmemwelewa mgonjwa na mnajua nini cha kumwambia daktari na nini cha kuacha, kwahiyo mazoezi ni yale yale niliyosema, anzeni sasa msisubiri kulipia.

Wa mwaka wa kwanza anzeni na moyo, vyumba vinne, damu inaingia wapi inatokea wapi, wa pili nendeni figo na ini. Mkikwama ileteni sentensi nzima, msilete neno peke yake maana sitajua mmelitoa wapi. Usiku nikishaswali ndo nashika simu, ntajibu wote, mwenye swali la haraka la mgonjwa aliyepo mbele yake asinisubiri mimi, amwite daktari wa zamu.

Bibi yenu, mkunga na mwalimu mstaafu