Misa ya shule Jumapili hii

Tumsifu Yesu Kristo, wazazi. Misa ya Jumapili hii ni zamu ya mabinti wa kidato cha pili. Sare nyeupe zifuliwe Ijumaa. Masika haya nguo haikauki siku moja, na ikipigwa pasi ikiwa mbichi hunuka. Wasomaji wafanye mazoezi kwa sauti, wakiwa wamesimama: wengi humeza maneno ya mwisho wa sentensi. Na tafadhali sana, wapeni chai asubuhi. Mfungo wa Komunyo ni saa moja tu kabla ya kupokea, na maji au dawa haviuvunji. Mabinti wanaozimia kwenye kwaya mara nyingi wana njaa ya tangu jana usiku. Matoleo ni mchele, sukari na sabuni, vifungwe vizuri. Wa Kigamboni, wahini kivuko.