Kuhusu mwenyekiti mpya wa halmashauri

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimesoma yote mliyoandika humu kundini kuhusu mwenyekiti wetu mpya tangu jana usiku na kusikiliza zile sauti ndefu mlizorekodi. Naona tunachanganya mambo mawili. Chama chake na msimamo wake ni siasa. Anayempenda na asiyempenda wana haki sawa ya kusema humu. Mwenendo wake akiwa kitini ni jambo jingine, na hapo hata waliompigia kura wanapaswa kumuuliza.

Mimi nilikuwepo kwenye kikao cha wazi. Mama mmoja alisimama na karatasi yake kuuliza habari za mtaro. Hakufika hata nusu ya swali, mwenyekiti akamkatisha: "Tuendelee." Mama akaikunja karatasi mara nne, akakaa. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Ila hili dai la zabuni kupewa shemeji wa mwenyekiti, jamani, aliyeliandika atuletee ushahidi au alifute. Kama ana maslahi, alitakiwa ayatamke na asishiriki kupiga kura, na muhtasari wa kikao ndio utakaotuonyesha. Basi tuuombe kwa barua. Rasimu ninayo, nitaiweka hapa usiku huu; anayetaka jina lake liwemo aniandikie pembeni.

Dini yake, kabila lake na mke wake havihusiki. Asubuhi nimefuta jumbe tatu za namna hiyo, na zikija nyingine nitafuta pia.