Salamu za shukrani kwa wote mliochangia matibabu ya mtoto wetu

Familia inawashukuru nyote mliosimama nasi katika matibabu ya mtoto wetu, aliyezaliwa njiti, chini ya kilo moja, na baadaye akagundulika na hepatoblastoma, saratani ya ini ya watoto wadogo. Si rahisi kumtaja kila mmoja. Pokeeni shukrani hizi kila mtu kwa nafasi yake.

Tunamshukuru kipekee muuguzi wa kliniki aliyelipapasa tumbo, hakuishia kwenye mizani. Uvimbe wa saratani hii mara nyingi hauumi wala hauleti umanjano wa macho. Waliozaliwa chini ya gramu 1,500, hasa chini ya 1,000, wana hatari kubwa kuliko wenzao, ingawa hata kwao ugonjwa ni nadra. Wengi hugundulika kabla ya miaka 3.

Asante kwa daktari aliyesoma kipimo cha damu cha AFP, protini ambayo saratani hii huipandisha, kwa kuzingatia umri. Vichanga wote huzaliwa nayo ikiwa juu, njiti zaidi, kisha hushuka. Inayopanda wakati wa kushuka ndiyo ya kukimbilia ultrasaundi.

Michango yenu ilikwenda hasa kwenye tibakemikali. Dawa yake, sisplatini, hupunguza uvimbe ili upasuaji uwezekane, lakini huweza kuua usikivu, ikianzia sauti nyembamba, nao haurudi. Njiti wengi walishapewa gentamisini, dawa ya kuua bakteria, wodini, nayo hugusa masikio na figo. Kwa hiyo tunawashukuru sana waliotuhimiza kuulizia sodiamu thiosulfeti, dawa ya kulinda usikivu: hutiwa mshipani kwa dakika 15, saa 6 baada ya sisplatini kwisha. Isiwahishwe, maana inaweza kuidhoofisha dawa yenyewe. Katika utafiti uliochapishwa 2018, kwa watoto ambao saratani haijasambaa, waliopoteza usikivu walikuwa 33% kwa waliopewa na 63% kwa wasiopewa. Wazazi wenzetu, iulizieni kabla ya dozi ya kwanza.

Mliojitolea damu, asanteni. Ini lina mishipa mingi na upasuaji wake hauanzi bila akiba. Madaktari wa upasuaji, wa usingizi na wauguzi wa zamu za usiku, Mungu awabariki.

Salio la mchango tumelitenga kwa vipimo vinavyoendelea: AFP, ultrasaundi, figo na usikivu.

Ni sisi, wazazi na ndugu wa mtoto.