Kabla hujaifunga ile bolti ngumu

Masasi, 18 Januari

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mvua imekubali, na mahindi ya mama yako nyuma ya nyumba yamefika kiunoni. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, maana upepo wa huko Kanada ulikuwa unaongea kuliko wewe. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu. Nakujua toka tulipokuwa Ndanda: ukiambiwa jambo kwa mdomo unaitikia "ndiyo, ndiyo," kisha unakwenda kufanya lako. Karatasi angalau utaibandika ukutani gereji.

Kilichonishtua si hizo bolti saba za mashine yako ya kurusha theluji, hiyo unayoifunga kwenye trekta, kukatika ndani ya wiki mbili. Ni lile neno lako la mwisho, kwamba tajiri yako amekuchagulia bolti ngumu kwenye kopo lake na utaifunga hiyo ili mambo yaishe. Ndugu yangu, usiifunge. Bolti ile imewekwa makusudi ikatike mzigo ukizidi, ili gia zipone. Kopo hilo nalijua, nami nilikuwa na la kwangu.

Agosti iliyopita nilichukua kazi ya kufyeka chini ya mikorosho, njia ya kwenda Nachingwea. Unakumbuka pilika za wakati ule, kila mwenye shamba anataka chini pawe peupe kabla korosho hazijaanza kudondoka. Trekta ni lile letu la nguvu za farasi 75, slasha, ile mashine ya kufyekea inayofungwa kwenye trekta, nilikodi kwa mtu. Siku ya kwanza bolti ya kwenye propela, shafti inayopeleka nguvu za trekta kwenye mashine, ikakatika mara nne. Ya kwanza nililaumu kisiki, na kweli kisiki kilikuwepo. Ya pili nikalaumu kichuguu. Ya tatu na ya nne zilikatika kwenye nyasi laini kabisa, za kulisha mbuzi, na hapo ndipo ilinipasa nisimame nijiulize. Sikusimama. Nilikwenda dukani nikaomba bolti isiyo na mchezo, nikapewa iliyoandikwa 10.9 kichwani, mahali palipotakiwa 4.6.

Ilifanya kazi siku moja na nusu nami najisifu. Kisha slasha ikakuta kisiki cha mkorosho uliokatwa zamani, kimefunikwa na majani. Safari hii bolti haikukatika. Yaliyokatika ni meno ya gia boksi. Mwenye slasha alipofungua kifuniko aliingiza mkono kwenye oili akawa anatoa jino moja moja na kuyapanga juu ya jiwe, kimya. Afadhali angenitukana. Bolti yenyewe bei yake haizidi soda, lakini gia boksi ilimeza karibu fedha zangu zote za korosho za msimu.

Ile namba ya kwanza kichwani, ukiizidisha kwa 100, ndiyo megapaskali ambazo chuma kinavumilia kabla ya kukatika. Kwa hiyo 4.6 ni 400 na 10.9 ni 1,000. Nilikuwa nimeiambia gia boksi ivumilie kipigo mara mbili na nusu ya kile kilichokubaliwa kiwandani. Huko kwenu bolti za inchi hazina namba, zina mistari kichwani: isiyo na mstari ni gredi 2, mitatu ni gredi 5, sita ni gredi 8. Angalia ya tajiri yako ina mingapi, halafu fungua kitabu cha mashine uone kinataka ipi. Kitabu ndicho kinachoamua. Na usiniletee hoja ya kuweka nene zaidi ya gredi ileile, maana kutoka milimita 10 hadi 12 unaongeza chuma karibu nusu nzima.

Sasa sikiliza sehemu iliyonifundisha. Nilimpelekea propela fundi mmoja mzee hapa mjini. Hakuigusa. Akauliza, "Bolti zilizokatika ziko wapi?" Nikamwambia nimezitupa shambani, mzee. "Kazilete." Nilirudi na vijana wawili tukapekua majani saa nzima, tukapata vipande vitano. Alivifuta kwenye shati akavipanga juu ya madigadi. Kimoja kilikuwa na uso bapa, safi, umekatwa mara moja. Hicho akasema ni cha kisiki, hakina kosa. Vilivyobaki vilikuwa na ngazi ubavuni, kama vimetafunwa na panya, na nusu ya uso wake nyeusi, nusu inang'aa. Yaani ufa ulianza mapema, ukala polepole, halafu kilichobaki kikaachia. "Hizi hazikukatwa," akasema, "zimepigwa nyundo mpaka zimechoka."

Nyundo yenyewe ilikuwa shimo. Shimo la bolti kwenye fulanji, kisahani cha chuma kinachoungwa na mwenzake kwa bolti hiyo, lilikuwa limepanuka likawa kama yai. Bolti ikawa inacheza, na kila mzigo unapokuja na kuondoka fulanji inarudi nyuma kidogo halafu inaigonga. Juu ya hapo nilikuwa nafunga bolti zenye uzi mwili mzima. Uzi ukiangukia pale fulanji mbili zinapokutana, bolti ya milimita 10 inabaki na kama robo tatu tu ya chuma chake, tena yenye mifereji ya kuanzishia ufa. Pale panatakiwa pawe na shina laini. Mzee alilichonga shimo likawa duara, akapigia bushi, yaani kipete cha chuma ndani ya shimo, akanipa bolti ya gredi ileile ya 4.6 yenye shina. Tangu slasha ilipofungwa gia boksi mpya hadi mwisho wa kazi nilikata mbili tu, zote kwa visiki nilivyoviona kwa macho.

Babu yangu alifanya kazi Nachingwea kwenye mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 ukafa 1951, na baadhi ya matrekta ya mradi ule yalitokana na vifaru vya vita. Alikuwa akicheka kwamba hata kifaru kilishindwa na ardhi. Basi, tuyaache hayo.

Kwako sasa. Theluji mimi nimeiona ndani ya friza ya samaki tu, kwa hiyo nikikosea nicheke. Lakini mashine ni mashine. Kwa ulivyonieleza kuna parafujo kubwa mbele inayokusanya, na nyuma yake feni inayorusha, na bolti za kukatika ziko sehemu mbili: kwenye propela na kwenye parafujo. Hukuniambia ni ya wapi inayokatika, na hilo ndilo swali la kwanza. Ikiwa ni ya parafujo, tafuta mawe, mabonge ya barafu yanayoachwa na greda la barabarani pale getini, au bapa lililopinda linalogusa bodi. Kwenye njia ya kokoto shusha vile viatu vya chini vya pembeni ili mdomo wa mashine uinuke, isichote mawe.

Ikiwa ni ya propela, nakushuku wewe, samahani. Nimesikia kwenye ujumbe wako trekta likiunguruma kwa resi kubwa, halafu PTO, ile shafti ya trekta inayozungusha propela, ikaingia kwa kishindo. Ingiza kwa resi ndogo, acha feni ishike mwendo, ndipo upandishe hadi mizunguko 540 kwa dakika kabla hujaigusa theluji. Lakini usifanye kazi kwa resi ya chini ukidhani unaihurumia mashine. Kwa nguvu ileile, ukipunguza mzunguko kwa nusu, msokoto kwenye bolti unakuwa mara mbili. Kama theluji imelowa na ni nzito, punguza gia ya kutembea, resi iache.

Jingine: umesema ukigeuza unainua mashine huku inazunguka. Propela ikikunjwa nyuzi 30, krosi, kile kiungo cha msalaba kwenye ncha yake, haizungushi sawasawa tena. Inakwenda hadi asilimia 15 haraka zaidi na asilimia 13 taratibu zaidi, mara mbili kila mzunguko. Kwa 540 hiyo ni mara 18 kwa sekunde. Krosi za pande mbili hufutiana kosa hilo pale tu pembe zao zinapolingana na uma zinazoshika krosi hizo zikiwa zimekaa mstari mmoja. Ukiinua, pembe hazilingani tena. Zima PTO kwanza, ndipo uinue. Na kama kuna mtu aliwahi kuichomoa propela akairudisha, hakikisha uma hizo zimekaa sawa.

Asubuhi kabla ya kuwasha, mashine iliyolala nje huwa imegandiana na bodi yake kwa barafu. Ukiingiza PTO hapo, bolti haina jinsi. Izungushe kwanza, injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako, si kwenye swichi. Ikikwama tumia mti. Mkono usiingie pale hata kama unaona imesimama, kwa sababu barafu ikiachia feni inaweza kuruka. Mama yako ana mtoto mmoja tu wa kiume. Na jioni ukimaliza, iache izunguke tupu kidogo iteme maji.

Kisha toa bolti na ujaribu kuzungusha fulanji moja juu ya nyingine kwa mkono. Zikigoma ni kutu, zitie grisi, maana bolti ikikatika na fulanji zimeshikana bado utakuwa huna kinga. Pitisha kidole ndani ya shimo. Ukikuta yai, umepata jibu, na bolti yoyote utakayoweka humo itachoka.

Natumaini vile vipande saba hukuvitupa. Kama umevitupa, kavitafute theluji ikiyeyuka, nitasubiri. Kama unavyo, vipige picha upande uliokatika, kwenye mwanga, unitumie pamoja na picha ya shimo.

Ming'oko uliyoomba haisafirishiki, lakini korosho kilo mbili nimempa shemeji yako anayekwenda Dar. Kutoka pale sijui zitavukaje bahari.

Mama anakusalimu, anauliza kama theluji ina harufu. Nimemwambia nitakuuliza.

Mimi wako,
Dereva wa trekta la kuunga