Barua ya wazi kwa Naibu Chansela: tuachieni mashine ya prufu

Nairobi

Kwako Profesa,

Kwa heshima zote, nimeona mashine ya prufu ya karakana yetu ya taipografia, yaani ufundi wa kupanga herufi za kuchapa, imeorodheshwa pamoja na viti vilivyovunjika na kompyuta zilizokufa, tayari kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Naomba iondolewe kwenye orodha hiyo kabla kamati haijakaa.

Mashine yenyewe ni Vandercook, ya kampuni iliyoanzishwa Chicago mwaka 1909. Haikutengenezwa kuchapa maelfu ya nakala. Kazi yake ilikuwa kutoa prufu, yaani nakala moja safi ya kusahihishwa, kabla herufi hazijapelekwa kwenye mashine kubwa, na ndiyo maana inafaa sana kufundishia. Mwanafunzi hupanga herufi za madini ya risasi moja moja, zikiwa kinyume, akazikaza kwa vipande vya mbao, akapaka wino, akashikiza karatasi kwenye silinda na kuizungusha kwa mkono. Herufi zote sharti ziwe na kimo kimoja, milimita 23.3 hivi. Iliyolika kidogo tu hutoka hafifu, naye hubandika kikaratasi chembamba chini yake na kujaribu tena. Hata nafasi kati ya mistari ni ukanda wa risasi anaouchagua kwa vidole. Kwenye skrini angebofya tu akaendelea.

Kubwa zaidi, Profesa, ni Kiswahili. Visanduku vyetu vya herufi vilijazwa kwa hesabu ya Kiingereza: e ni tele, k ni chache. Mpe mwanafunzi apange aya inayoanza "Wakulima wa kahawa wakakaribishwa", na kabla hajafika mwisho k zimemwishia, a nazo zinakaribia. Hapo ndipo anapoona kwa macho yake kwamba ukurasa wa Kiswahili una sura yake. Kisha akutane na kitenzi kama "watakapowakaribisha" katika safu nyembamba: akikikata vibaya msomaji anajikwaa, akikisukuma chini mstari unabaki na mapengo. Hawa ndio watakaosanifu vitabu vya kiada vya watoto wetu. Nataka wajifunze hilo hapa, kabla mtoto wa darasa la pili hajateseka.

Na ufundi huu si mgeni Nairobi. Makhan Singh alifanya kazi katika matbaa ya babake mjini humu kabla ya kuongoza chama cha wafanyakazi miaka ya 1930. Gazeti la Baraza lilipoanza hapa mwaka 1939, Kiswahili chake kilipangwa kwa risasi.

Najua risasi ni sumu. Hatuli karakanani, na kila mtu hunawa mikono kabla ya kutoka. Rola za mpira zimekakamaa, ni kweli, lakini zinaweza kuvikwa mpira mpya. Chuma chenyewe ni kizima.

Ikiwa chuo hakina nafasi kabisa, Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 inaruhusu mali kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma. Heri iende huko kuliko kukatwakatwa. Lakini ombi langu la kwanza ni ibaki, idara ya Kiswahili ipewe saa zake karakanani, na bajeti ijayo itutengee pesa za rola na za herufi: k na a kwanza.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa taipografia